Mshono wa Mkono Mwingine

Mtu mwingine alikuwa ameugusa mguu ule. Fundi alilijua hilo kabla hata hajauweka vizuri juu ya meza.

Aliugeuza taratibu, kama mke anayekagua kola ya shati la mumewe, akausogeza karibu na dirisha. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kilikuwa kile kile alichokitengeneza kwa mikono yake, plasta ikimkaukia mpaka kwenye nyusi. Kifundo kilikuwa chake. Ribiti, zile pini za chuma zinazobana mkanda, zilikuwa zake. Lakini mkanda wa ngozi, ule unaofungwa juu ya goti ili mguu usichomoke mtu akitembea, ulikuwa umeshonwa upya. Kwa uzi mweusi. Na katika karakana hii ya miguu ya bandia uzi mweusi haujawahi kuingia. Yeye hushonea kahawia tu.

"Kuna shida?" aliuliza Mwalimu.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, suruali imekunjwa upande mmoja, kigutu kimetulia ndani ya soksi nyeupe, na usoni lile tabasamu lake la pembeni ambalo siku nyingine lingemfanya Fundi asahau tupa yake ya kusugulia ameiweka wapi.

"Shida itoke wapi?" Fundi alijibu bila kumtazama.

"Uso umeukunja kama umelamba limau."

"Ndio uso wangu. Umeanza kuuona leo?"

Mwalimu alicheka. Alisugua viganja kwenye mapaja, akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Leo nina jambo nataka kukuuliza, Fundi. Nimelibeba muda mrefu."

Wiki chache nyuma Fundi angetoa chochote kuyasikia maneno hayo. Leo aliyasikia kama mtu anayesikia mlango ukifungwa kwa nje. Shangazi alikuwa ameshasema. Alisema jana tu, akiwa na sahani mkononi na povu mpaka kwenye viwiko: "Atakuja, na atakuja wiki hii hii, na atakuposa. Akifanya hivyo ujue si wewe anayekutaka."

Jana ilikuwa Jumapili. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza kamati ya misheni alipita nyumbani baada ya ibada, akakaribishwa chai, akaanza kueleza habari za bonde lile ambako Mwalimu alikuwa anatumwa. Kanisa zima lilikuwa linalizungumzia bonde hilo tangu juma la misheni, siku ile watu walipoulizwa ni nani yuko tayari kwenda, na Mwalimu akasimama katikati ya safu, mkono mmoja kwenye mgongo wa benchi la mbele, mguu wa bandia ukilia kidogo kwenye kifundo. Wamama walilia. Kwaya ilikosa sauti. Fundi hakulia. Alishika ukingo wa benchi lake kwa mikono miwili mpaka kucha zikauma, na hakumwambia mtu ni kwa nini.

"Kule ni mbali," mzee alisema, akipuliza chai. "Ni nje ya mipaka yetu, lugha nyingine kabisa. Hakuna kanisa, hakuna hata mtu mmoja wa kuwaambia habari za Bwana. Mwalimu atafundisha watu wazima kusoma, na Neno litapitia humo humo. Tatizo letu ni moja. Mguu wake. Fundi wa miguu hayupo kule kabisa. Kuna watu wamekatwa miguu wanakaa ndani ya nyumba mwaka mpaka mwaka. Mguu wa Mwalimu ukivunjika, naye atakaa ndani." Akaweka kikombe chini. "Kamati inaliombea jambo hilo."

Na aliposema kamati inaliombea, alimtazama Fundi.

Mlango ulipofungwa nyuma yake, Shangazi hakusubiri hata hatua zake zipotee. Shangazi ni nesi mstaafu. Ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki, na alimlea kama alivyosimamia wodi: usafi, ukweli, na hakuna kulia bila sababu.

"Umeona alivyokutazama?"

"Alinitazama kama watu wanavyotazamana, Shangazi."

"Alikutazama kama mtu anayepima kitambaa. Mwanangu, mimi si adui wa Mwalimu. Ni kijana msafi, anasalimia, anakula anachopewa. Lakini jiulize. Mmefahamiana muda gani? Mmekaa kwenye ile baraza yangu mara ngapi, mkizungumza mpaka chai inapoa? Ameshawahi kutamka neno ndoa?"

"Bado."

"Bado! Sasa ametamka misheni. Na mtu mwenye mguu wa bandia anayekwenda mahali pasipo na fundi anahitaji nini?" Alitikisa sahani, maji yakaruka. "Hahitaji mke. Anahitaji spea."

Neno hilo lilimkaa Fundi kifuani usiku kucha kama tonge lililogoma kushuka. Na sasa Mwalimu yuko mbele yake, anasugua mapaja, ana jambo anataka kuuliza. Na mkanda una uzi mweusi.

Mtu mmoja tu mjini hutumia uzi mweusi. Ni fundi wa miguu wa hospitali iliyo upande wa pili wa mji, mwanamke waliyesoma naye chuo, ambaye mpaka leo wote humwita Kucha, kwa sababu anapaka rangi kucha zake kila wiki na hajawahi kuivunja hata moja ndani ya plasta. Kucha bado hajaolewa. Kucha anacheka kwa sauti nzuri. Na Mwalimu, tangu juma la misheni, amekuwa haonekani Jumamosi. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema, "Nilikuwa na shughuli."

Fundi alijumlisha. Hakuhitaji kalamu. Mwalimu alianza kwa Kucha. Akabisha hodi kwa fundi wa kwanza, fundi akakataa, sasa amekuja kwa wa pili.

Alinyanyua mguu, akapanda kwenye kigoda, akauweka rafu ya juu kabisa, katikati ya makopo ya gundi.

"Fundi," Mwalimu alisema polepole, "mbona mguu wangu umepanda huko?"

"Unapunga upepo."

"Nirudishie basi."

"Utarudishiwa. Kwanza nijibu. Jumamosi huwa uko wapi?"

Tabasamu la Mwalimu lilizimika. Na kuzimika kwenyewe kulikuwa kwa haraka mno. Fundi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Nilikuambia. Shughuli."

"Shughuli ina jina?"

"Fundi, hilo ndilo nililokuja..."

"Ina kucha nyekundu?"

Nje, mgonjwa fulani alikuwa akijifunza kutembea kati ya vyuma vya kushikilia, na sauti ya mpira ikigonga saruji ilisikika, tap, kisha kimya kirefu, kisha tap. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

Basi. Ilikuwa kweli. Fundi alikaza jiliwa la mezani, japo halikuwa limebana kitu.

"Mkanda wako umeniambia. Unadhani sijui kazi yangu? Huo mguu nimeutengeneza mimi. Nimekaa na kigutu chako mkononi wakati hata wewe mwenyewe ulikuwa huwezi kukitazama, unageuza uso ukutani. Halafu unakwenda kumpa mwanamke mwingine aushone, na unaniletea mimi niukague!"

"Si hivyo."

"Ni vipi? Alikukataa? Alikwambia hataki kwenda porini na mtu anayetafuta fundi wa kumkarabati? Ndiyo maana leo una jambo la kuniuliza?"

Mwalimu aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa kitu ambacho Fundi hakutaka kukisoma, maana angekisoma angelainika.

"Wewe unaamini hivyo juu yangu?"

"Usiniulize ninaamini nini. Mimi ndiye ninayeuliza, na mguu uko kwangu."

Wakati huo huo mlango ulisukumwa bila hodi. Shangazi aliingia na mwavuli wake, japo nje hakukuwa na wingu. Alitazama benchi, akatazama kigutu, akatazama rafu ya juu.

"Naona mmeshaanza," alisema. "Ameshakuposa?"

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Sijakuja kwa salamu. Nimekuja kwa sababu huyu mtoto hakulala, na mimi nikisikia mtu hajalala huwa nataka kujua ana homa au ana mwanaume." Alivuta kiti, akaketi, mwavuli magotini. "Haya, Mwalimu. Mimi ni mtu wa kuuliza moja kwa moja. Unamtaka mwanangu au unataka mikono yake?"

"Shangazi!" Fundi aliruka.

"Nyamaza, nakusaidia. Na la pili, maana nimelibeba tangu ile Jumapili uliposimama ukaliza wamama. Hapa kwetu watu wameisha? Mtaa wangu wote umeshaokoka? Anza na jirani yangu. Anapiga muziki mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini. Mhubiri huyo kwanza, ndipo uvuke mipaka."

Mwalimu alitabasamu, lakini kwa shida.

"Jirani yako nimemhubiri, Shangazi. Mara mbili. Alinipa soda."

"Na?"

"Na akaongeza sauti ya muziki." Shangazi alikunja mdomo ili asicheke. Mwalimu akaendelea, sauti imeshuka. "Lakini jirani yako anajua mlango wa kanisa uko wapi. Anapita mbele yake kila siku, ameamua kutoingia, na kesho anaweza kubadili mawazo. Kule ninakotumwa hakuna mlango. Mtu hajapewa hata nafasi ya kukataa."

Shangazi aliusogeza mwavuli magotini.

"Nilipokatwa mguu," Mwalimu alisema, "nililala wodini nimeukasirikia ulimwengu mzima. Watu wa kwetu walikuja, wakanipa pole, wakaenda. Aliyebaki alikuwa mama mmoja mfanya usafi wa kujitolea, katoka nchi ambayo siwezi hata kuitamka vizuri. Lugha yetu alikuwa anaiongea kwa kuchechemea zaidi kuliko mimi ninavyotembea. Alikosea maneno, tukamcheka, akacheka na sisi, akaendelea kunisomea Injili. Mtu yule aliacha nyumba yake, na shangazi yake labda, akaja kupiga deki chini ya kitanda changu. Kama angesubiri mtaa wake uokoke wote kwanza, mimi ningekuwa wapi?"

Shangazi alizungusha mpini wa mwavuli. Alifanya kazi wodini miaka mingi. Aliwajua watu wa namna ile, na hakuwahi kuwauliza walikuwa wamemwacha nani nyumbani.

"Hilo umejibu," alisema hatimaye. "Lile la kwanza hujajibu."

Fundi alikuwa ameyapa mgongo mazungumzo. Alishindwa kuvumilia. Alipanda kigoda, akaushusha mguu, akaenda nao dirishani, kwa kuwa mikono yake haikujua mahali pengine pa kwenda. Akautazama tena ule mkanda. Safari hii aliutazama kwa macho ya fundi. Ya mwanamke aliyeumizwa aliyaweka kando kidogo.

Mshono ulikuwa mbaya.

Ulikuwa mbaya kupita kiasi. Tundu moja limekaribiana na lenzake, jingine limekimbia. Uzi umevutwa mpaka ngozi imekunjamana. Kucha alikuwa na maneno mengi na dharau nyingi, lakini mshono wake chuoni ulikuwa wa kwanza darasani, hata Fundi mwenyewe alikuwa wa pili. Kucha hawezi kushona hivi hata akifumbwa macho. Na mishono ilikuwa imelala upande usio wake, kama maandishi ya mtu anayeandika akitokea upande wa pili wa karatasi.

Fundi aligeuka. Mwalimu alikuwa ameweka mkono wa kushoto juu ya goti lake. Mkono ule ule anaoshikia chaki. Kwenye ncha za vidole kulikuwa na vijeraha vidogo, vingine vipya, vingine vimeshakauka.

"Nionyeshe mkono," alisema Fundi.

"Hauna kitu."

"Nionyeshe."

Aliushika. Aliugeuza kama alivyougeuza mguu. Aliijua michomo hiyo. Kila mtu anayeanza kushona ngozi huipata, pale pale, kwa sababu anasukuma sindano kwa kidole badala ya kiganja.

"Umeshona wewe," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu tena.

"Nimeshona mimi."

"Kucha..."

"Kucha amenifundisha. Jumamosi zote. Kushona mkanda, kubadili ribiti, kukaza kifundo, kuziba ufa kwenye kikombe. Ananitukana kutwa nzima. Anasema nina vidole vya mtu wa kuchunga, si vya kushika sindano. Sikuweza kuja kujifunza kwako, Fundi. Kwako ndiko hasa nisikoweza kuja."

"Kwa nini?"

Mwalimu alitazama dari, akamtazama Shangazi, akaona hakuna pa kukimbilia, na mguu wenyewe hana.

"Kwa sababu nilijua watu watasema nini. Nilijua Shangazi atasema nini."

"Nilisema spea," Shangazi alikiri bila aibu.

"Umeona? Na mimi pia nilijishuku. Niliporudi nyumbani siku ile niliposimama kanisani, nilijiuliza, je, ninampenda au ninaogopa kuvunjikiwa mguu kule bondeni? Sikuwa na namna ya kujua. Nikaona dawa ni moja. Nijifunze kuutunza mguu mwenyewe. Nikishaweza kwenda bila wewe, nitaona kama bado ninakutaka." Akatazama vidole vyake. "Naweza kwenda bila wewe. Kwa shida, na kwa mshono wa aibu, lakini naweza. Na bado ninakutaka. Hilo ndilo jambo nililokuja kukuuliza, na wewe ukaupandisha mguu wangu rafuni."

Shangazi alijifuta jicho kwa ncha ya leso, akasema vumbi la karakana hii litamuua.

Fundi hakulia. Ndani yake kulikuwa na shaka moja bado, ya mwisho, na aliitoa kama anavyotoa kibanzi kwenye kidonda, kwa haraka.

"Kwa hiyo nikisema hapana, unaenda."

"Nitaenda. Nitalia njia nzima, lakini nitaenda. Aliyeniita hakuniita kwa sharti la wewe kukubali."

Ajabu ni kwamba jibu hilo ndilo lililomfungua. Mwanaume anayeweza kuondoka bila yeye, na amekaa hapa, kigutu nje, vidole vimetobolewa, anaomba. Fundi alikaa kwenye benchi kando yake, mguu wa bandia mapajani mwake kama mtoto.

"Nilitaka kusimama," alisema.

"Lini?"

"Juma la misheni. Mzee alipouliza nani yuko tayari. Mimi nimekuwa tayari tangu chuo, Mwalimu, kabla sijakujua wewe wala kigutu chako. Nilipomsikia anasema kuna watu wanakaa ndani kwa kukosa mguu, miguu yangu ilianza yenyewe kunyanyuka. Halafu ukasimama wewe. Nikashika benchi."

"Kwa nini?"

"Wangesema nimemfuata mwanaume. Na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kama wangekosea."

Walitazamana. Watu wawili wazima, wote wawili wamekesha wakishuku mioyo yao wenyewe, na katikati yao mguu mmoja.

"Sasa una uhakika?" Mwalimu aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

Fundi alitazama nje. Yule mgonjwa kati ya vyuma alikuwa ameachia mkono mmoja. Kule bondeni kuna mtu kama yeye, na hana vyuma, wala hana wa kumwambia achia.

"Ningekwenda hata ungekuwa umebaki," alisema. "Nimejua sasa hivi. Ungebaki ningelia njia nzima, lakini ningekwenda."

"Jamani," Shangazi aliguna, "mtalizana mpaka mpakani. Na mimi mnaniacha na nani? Na yule wa muziki?" Aliinuka, akakung'uta sketi. "Sijasema nimekubali. Posa haijaletwa, na italetwa kwa utaratibu, na watu wazima. Lakini huyo mzee wa kamati mwambieni apitishe siku ya maombi nyumbani kwangu. Anayetumwa lazima awe na mtu anayebaki amepiga magoti, na mimi magoti ninayo yote mawili."

Alikwenda mlangoni, akageuka, akamnyooshea Mwalimu mwavuli.

"Na ujifunze kushona."

Waliposikia hatua zake zikiishia uani, Mwalimu alinyoosha mkono.

"Basi niwekee huo mkanda sawa, Fundi wangu. Nikuulize nikiwa nimesimama, kama mwanaume."

Fundi alichukua kiwembe, akafumua mshono wote mweusi, uzi baada ya uzi, mpaka ngozi ikabaki na matundu matupu. Alitunga uzi wa kahawia kwenye sindano, akaupaka nta. Mwalimu alifunga macho, akasubiri, kama alivyosubiri siku zote mikono ile imtengeneze.

Badala yake alihisi sindano ikiwekwa kiganjani mwake.

"Shona mwenyewe," alisema Fundi, akivaa aproni. "Sukuma kwa kiganja, si kwa kidole. Kule nitakuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. Mume wangu sitakuwa na muda wa kumshonea."